Tulisema "Yes" Bila Kuelewa

Safari ya akina mama watatu wa Ihembe kwenda Kampala, na kosa ambalo nusura limdhuru mtoto

Je, mama msomaji, umewahi kuitikia jambo ambalo hukulielewa? Pengine ulikuwa kliniki, au mbele ya karani wa benki, au shuleni kwa mwalimu wa mwanao. Ukasikia maneno yanapita haraka, ukaona watu nyuma yako wanangoja, ukaona haya kusema, "Tafadhali rudia." Basi ukatikisa kichwa, ukasema "ndiyo," ukaondoka.

Sisi tulifanya hivyo, tena katika nchi ya watu na kwa lugha ya Kiingereza. Kosa hilo nusura limdhuru mtoto wa mwenzetu. Tumekubaliana kulieleza hapa bila kuficha, kwa sababu tunajua kwamba akina mama wengi husafiri na watoto wagonjwa, na wengi wetu hutegemea Kiingereza kidogo tulichopata shuleni miaka mingi iliyopita.

Kwa nini tulikwenda

Tulikuwa watatu, sote wa Ihembe katika wilaya ya Karagwe: mama wa mtoto, dada yake mkubwa, na jirani yao. Mtoto ni mvulana wa miaka mitatu. Mama yake alikuwa ameona doa jeupe katikati ya mboni ya jicho lake la kushoto. Mwanzoni alidhani ni mwanga wa taa tu. Baadaye akaona kwamba akiliziba kwa mkono jicho la kulia, mtoto analia na kuusukuma mkono, lakini akiliziba lile la kushoto hajali kabisa.

Kijijini hakukosekani ushauri. Wapo waliosema ni kijicho cha majirani, wapo walioleta majani ya kukamulia. Kwa bahati njema mama hakuyatumia. Alimpeleka mtoto zahanati, akaambiwa kwamba huo ni ugonjwa wa mtoto wa jicho. Wengi tunadhani ugonjwa huo ni wa wazee peke yao, kumbe watoto nao hupata, na wengine huzaliwa nao. Aliambiwa pia asikawie, maana ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka yake ya mwanzo. Jicho likizibwa muda mrefu katika umri huo, hata likisafishwa baadaye huenda lisione vizuri tena.

Shangazi yake mtoto ameolewa Kampala. Alitupigia simu akasema hapo mjini kuna hospitali yenye wataalamu wa macho ya watoto, na kwake kuna mahali pa kulala. Baba wa mtoto alikuwa ameuza kahawa. Alihesabu fedha, akatenga ya safari na ya matibabu, akatuombea heri. Tukapata hati za kusafiria na kadi za chanjo, tukafunga mizigo.

Mmoja wetu alifika kidato cha nne. Hatutasema ni nani. Sisi wengine tulisoma hadi darasa la saba, kwa Kiswahili kama ilivyo katika shule zetu nyingi za msingi, na Kiingereza tulikiacha ubaoni. Basi njia nzima tulimwita mwenzetu "mwalimu" na kumwachia maneno yote. Kwa hiyo katika makala haya tukiandika "tulisema," hatumlaumu mtu. Yeye alifungua kinywa, lakini sisi wengine ndio tuliomtwika mzigo peke yake.

Kinyambo kilipotutosha

Tulipita Kayanga na Omurushaka, tukaingia Kyerwa, ambayo tangu mwaka 2012 ni wilaya yake yenyewe. Kutoka Nkwenda tukashuka hadi Murongo, mahali ambapo mto Kagera unatutenganisha na Uganda. Ng'ambo ya daraja ni Kikagati.

Tulikuwa tumejiandaa kwa Kiingereza. Mwalimu wetu alikuwa amefanya mazoezi ya kusalimia tangu Omurushaka. Lakini mama wa kwanza tuliyekutana naye upande wa pili, akiuza ndizi mbivu, alituamkia "Agandi," nasi tukaitikia "Nimarungi." Kinyankole chao na Kinyambo chetu ni lugha ndugu, pamoja na Kihaya, Kikiga, Kinyoro na Kitooro. Maneno mengine hutofautiana, na sauti zao si zetu, lakini mtu akisema polepole mnaelewana. Hadi Mbarara tulinunua maziwa, tuliuliza choo, tuliuliza basi, bila kutumia neno moja la Kiingereza. Tulicheka tukasema, "Kumbe ng'ambo ni nyumbani!"

Na si ajabu. Njia ya kutoka Karagwe kwenda Buganda ni ya zamani kuliko mpaka wenyewe. Kabla ya Wazungu kugawana nchi, misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipita kwetu. Walikuwa na kituo chao Kafuro, hapo hapo Karagwe. John Hanning Speke na mwenzake Grant walipokelewa na Mfalme Rumanyika mwaka 1861, na mwaka uliofuata Speke akaendelea hadi kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Pamoja na nguo na shanga, misafara ile ilibeba Kiswahili.

Furaha yetu ilikuwa na hatari moja. Ilitufanya tuamini kwamba lugha haitatusumbua.

Baada ya Masaka

Kutoka Mbarara basi lilipita Lyantonde na kushuka kuelekea Masaka. Huko mazungumzo ndani ya basi yalianza kubadilika. Tulipofika Lukaya, vijana wenye makoti ya kazi walikimbilia madirisha wakiwa na kuku wa kuchoma, gonja na chupa za maji. Tukaita maji kwa lugha yetu, "Amaizi!" Kijana akatuitikia, "Amazzi!" Neno hilo lilikuwa karibu. Lakini alipotaja bei hatukuambulia kitu.

Kiganda kimepakana na lugha zetu, ila hakielewi mtu kwa kukisikia mara moja. Hesabu zake zina mtego kwa sisi Waswahili. Kijana alisema "lukumi." Sisi tukasikia "kumi," tukadhani anatania. Kumbe lukumi ni elfu moja. Kumi ni "kkumi," mia ni "kikumi," na elfu kumi ni "omutwalo." Mama atakayekwenda sokoni Kampala na ayakariri maneno haya manne kabla ya kufungua mkoba.

Tulifika Kampala jioni. Shangazi alikuwa ametuambia kwa simu, "Shukeni stendi, mpande taksi mje." Kwetu teksi ni gari dogo la kukodi. Tukakodi gari dogo, tukalipa fedha nyingi mno. Shangazi alipotuona tunashuka alishika kichwa. Kule Kampala "taksi" ni basi dogo la abiria kumi na wanne, lile tunaloliita daladala au hiace. Gari la kukodi wao huliita "special hire." Neno ni lile lile la Kiingereza, lakini kila nchi imelipa kazi yake. Vivyo hivyo dukani, muuzaji akisema "balance" anakusudia chenji yako.

Je, Kiswahili? Tulijaribu. Vijana wengi na madereva walituelewa na kujibu kwa ukarimu. Lakini mzee mmoja mama, jirani wa shangazi, alinyamaza tulipomsalimia "Shikamoo." Shangazi alitueleza baadaye kwamba watu wa umri ule walikisikia Kiswahili hasa kwa askari wenye bunduki, wakati wa utawala wa Idi Amin, kati ya mwaka 1971 na 1979. Sisi watu wa Kagera tunaikumbuka vita ya 1978 na 1979 kwa upande wetu. Hatukuwa tumewahi kufikiri jinsi lugha yetu ilivyosikika kwa mama wa upande wa pili. Siku hizi mambo yanabadilika. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 serikali yao iliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini mama yule hakuwa mwanafunzi wa shule. Kesho yake tulipiga magoti kama tunavyofanya kwetu na kumwamkia kwa Kiganda alichotufundisha shangazi, "Wasuze otya, nnyabo." Akatushika mikono, akatuletea matooke.

Saa nane au saa mbili?

Siku ya kwanza shangazi alitupeleka hospitali mwenyewe. Hatutaitaja hospitali hiyo, maana kosa lilikuwa letu. Daktari alimpima mtoto, akasema atafanyiwa upasuaji wiki hiyo hiyo. Tukapewa karatasi yenye siku ya kurudi kulazwa na saa: 8:00.

Usiku, tukipanga safari ya kesho yake, dada mkubwa alisema, "Vizuri, tutapata nafasi ya kufua asubuhi. Tunatakiwa saa nane." Shangazi akaruka. Kwa Kiingereza saa huanza kuhesabiwa usiku wa manane na mchana, siyo alfajiri na magharibi kama tunavyohesabu sisi. Saa nane ya karatasi ni saa mbili asubuhi. La kuchekesha ni kwamba Waganda wenyewe huhesabu kama sisi. Wao husema "ssaawa bbiri," nasi tungeelewa mara moja. Kiingereza kilichowekwa katikati ili kutuunganisha ndicho kilichotaka kutupoteza.

Tulicheka sana usiku ule. Hatukujua kwamba onyo tumeshapewa.

Kibao cha kitandani

Tulilazwa na mtoto kwa wakati. Shangazi ana meza yake katika soko kubwa la Owino, linaloitwa pia soko la Mtakatifu Balikuddembe, na asipokwenda siku hiyo hakuna chakula nyumbani. Akatuaga, akasema atarudi kesho jioni.

Jioni muuguzi alipita kitanda hadi kitanda. Alikuwa dada mpole, lakini wodi ilikuwa imejaa. Alitusemesha Kiganda, akaona tumeduwaa, akahamia Kiingereza. Tulisikia "morning." Tulisikia "doctor." Tulisikia "mouth." Katikati ya maneno hayo kulikuwa na mengine mengi yaliyokwenda kama maji ya mvua. Mwishoni akauliza kama tumeelewa. Tukasema, "Yes." Akauliza tena, akitazama macho yetu. Tukasema tena, "Yes, yes, thank you."

Kwa nini tulisema hivyo? Tumeulizana mara nyingi tangu siku ile. Mwalimu wetu aliogopa kutuaibisha. Alikuwa amesifiwa njia nzima. Angesemaje sasa kwamba hakuelewa? Sisi wengine tuliogopa kuonekana washamba kutoka Tanzania mbele ya wodi nzima. Na sote tuliogopa kumchosha muuguzi, tukidhani kwamba akichoka atamwangalia mtoto wetu kwa hasira. Hakuna hata sababu moja kati ya hizo iliyomhusu mtoto mwenyewe.

Muuguzi alining'iniza kibao kichwani mwa kitanda. Kiliandikwa kwa herufi kubwa: NIL BY MOUTH. Alipoondoka tulikisoma pamoja, herufi kwa herufi. "By" tuliijua. "Mouth" ni kinywa, tuliijua. "Nil" hatukuijua. Tukakubaliana kwamba ni jina la dawa. Basi tukaelewa hivi: asubuhi mtoto atapewa dawa iitwayo Nil, kwa kinywa.

Kila mama anajua kwamba dawa kali haipewi mtoto mwenye njaa. Tulikuwa na unga wa ulezi na chupa ya maji ya moto. Alfajiri mama yake alikoroga uji, akatia sukari, akaanza kumnywesha. Mtoto alikunywa karibu kikombe kizima.

Msomaji mwenye ujuzi wa hospitali ameshashika kifua. "Nil" maana yake ni hakuna. Kibao kile kilisema: asipewe kitu chochote kwa kinywa. Mtoto anayelazwa usingizi kwa dawa ili apasuliwe hutakiwa awe na tumbo tupu. Usingizi ule si kama wa kawaida. Koo hulegea, na mwili hauwezi kukohoa wala kujikinga. Chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na mtoto anaweza kufa. Uji ni chakula. Maziwa pia ni chakula. Ndiyo maana wauguzi hutaja saa ya mwisho ya kula na saa ya mwisho ya kunywa, na ni lazima saa hizo zifuatwe.

Mama wa deki

Saa moja asubuhi aliingia mama wa usafi, mtu mzima kidogo kuliko sisi, akipiga deki. Alitusemesha Kiganda. Tukatabasamu. Akaendelea na kazi yake.

Mtoto alianza kulia. Mama yake akambembeleza kwa Kinyambo, kama anavyombembeleza nyumbani. Mama wa deki akasimama. Akageuka, akatuuliza kwa Kinyankole sisi ni wa wapi. Tukamwambia ni wa Karagwe. Akafurahi, akasema yeye ni mzaliwa wa Ntungamo, na kwamba tangu aje Kampala watu wa lugha yake anawapata kwa bahati. Kisha macho yake yakaangukia kikombe. Akakichukua, akanusa, akatazama kibao.

"Nyabo," akamwambia mama wa mtoto, "mmempa huyu uji?"

Tukajibu ndiyo, ili asipewe dawa na njaa. Aliliacha deki katikati ya njia akaenda upesi kumwita muuguzi. Wakati huo machela ilikuwa imeshafika kwenye mlango wa wodi, na mtoto wetu alikuwa wa kwanza katika orodha ya siku.

Muuguzi alikuja mbio. Tulijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwomba mama wa deki atafsiri, akaanza upya, neno kwa neno. Tulimwona mwenzetu machozi yanamtoka, na mama wa mtoto amekishika kikombe kile kama kwamba kinamchoma. Upasuaji uliahirishwa kwa siku mbili.

Siku mbili katika mji wa watu ni fedha. Ilibidi kumpigia simu baba wa mtoto na kumweleza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: "Kwa nini hamkuuliza?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Alituma fedha alizokuwa ameweka kwa ajili ya mabati.

Jicho la kuzibwa ni lipi?

Upasuaji ulifanyika, na tunamshukuru Mungu. Asubuhi iliyofuata daktari alifungua bandeji, akawasha tochi ndogo, na jicho la kushoto likaifuata ilikokwenda. Mama yake alipiga magoti palepale sakafuni.

Lakini kazi haikuwa imekwisha. Tulipewa dawa za matone, tukaandikiwa miwani, kisha tukaambiwa kwamba kila siku kwa saa kadhaa mtoto azibwe jicho moja. Mwalimu wetu alisikiliza. Mara hii hakusema "yes." Alisema kwa Kiingereza chake kilichovunjika, "Sijaelewa. Tafadhali sema polepole." Kisha akauliza, "Jicho lipi?" Akagusa jicho la kushoto la mtoto, lile lililopasuliwa, maana sote tuliona ni dhahiri kwamba jicho bovu ndilo la kufunikwa lipumzike.

Daktari akatikisa kichwa. La hasha. Linalozibwa ni lile zima, la kulia. Jicho lililopasuliwa limekuwa vivu. Likiachiwa lenzake lifanye kazi yote, halitajifunza kuona. Likilazimishwa kufanya kazi peke yake kwa saa zile, ubongo utalizoea.

Hebu fikiri, mama msomaji. Tungesema "yes" siku ile pia, tungerudi Ihembe tukaziba jicho lisilofaa kwa miezi, kwa bidii na kwa upendo wote, na fedha zote za kahawa zingekuwa zimepotea bure.

Tuliyojifunza

Tunayaandika machache yaliyotusaidia, na ambayo mama yeyote anaweza kuyatumia, awe anakwenda Kampala, Kigali, Nairobi au mbali zaidi.

Kwanza, rudia ulichosikia. Usiseme tu kwamba umeelewa. Mwambie muuguzi au daktari, "Nikuelezee nilivyoelewa," kisha ueleze kwa maneno yako au kwa vidole. Kama umekosea, ataona hapo hapo.

Pili, usimwachie mtu mmoja lugha yote, hasa binti yako. Mtoto wa kidato cha pili anaweza kuuliza bei ya nyanya kwa Kiingereza, lakini maneno ya hospitali hajafundishwa, na ataona haya kukuambia.

Tatu, uliza kwa sauti kama yupo anayejua lugha yako. Taja zote unazozijua: Kinyambo, Kihaya, Kiswahili. Mkalimani wako anaweza kuwa mfagizi, mlinzi, au mama mwenye mtoto kitanda cha pili. Kwa jambo la upasuaji au dawa, mwombe muuguzi awepo wakati wa kutafsiri.

Nne, saa na dawa ziandikwe. Saa ukiisikia kwa Kiingereza, uliza kama ni asubuhi au jioni, jua likiwa wapi. Dawa uliza mara ngapi kwa siku, kiasi gani, kwa siku ngapi, kabla au baada ya kula.

Tano, jifunze maneno kumi ya wenyeji kabla ya kuondoka. Kwa Kiganda haya yalitufaa: "nnyabo" kwa mama na "ssebo" kwa bwana, "webale nnyo," asante sana, "mmeka?" bei gani, "amazzi," maji, "emmere," chakula, "omwana mulwadde," mtoto ni mgonjwa, "omusawo," daktari au muuguzi, "eddagala," dawa, "kaabuyonjo," choo, na lile linalopita yote, "sitegeera," yaani sielewi.

Sita, kama una simu yenye intaneti, programu ya tafsiri ya Google imekuwa na Kiganda tangu mwaka 2022. Inafaa sokoni na kwa kuuliza njia. Kwa maagizo ya hospitali usiitegemee peke yake.

Wapo dada zetu wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Guangzhou na Bangkok. Kule Bangkok Kiingereza hupatikana katika hoteli kubwa na maduka ya wageni, lakini dereva wa mtaani aghalabu hujua Kithai tu, ambacho kina herufi zake chenyewe, na neno moja hubadilika maana kwa kupandisha au kushusha sauti. Msafiri mwenye busara huomba hotelini kadi yenye jina la mahali alipofikia kwa maandishi ya Kithai, akamwonyesha dereva. Na mwanamke anayemaliza maneno yake kwa "kha," ambayo ni adabu ya wanawake wa kule, akaunganisha viganja kusalimu, hupokelewa vizuri. Kwa hiyo hata huko mbali mgeni hutangulia kwa salamu ya wenyeji.

Na nyumbani kwetu je?

Siku ya kuondoka tulimtafuta mama wa deki. Tulikuwa na kifurushi cha kahawa ya kutafuna kutoka nyumbani, iliyokuwa zawadi ya shangazi. Shangazi mwenyewe ndiye aliyesema tumpe yule mama. Aliifungua, akatia punje mbili kinywani, akasema tangu mama yake afariki hakuna aliyempa kahawa.

Njiani kurudi, tulipovuka Murongo, tulimkumbuka bibi mmoja wa kijijini kwetu. Anajua Kinyambo tu. Tumewahi kukaa naye foleni moja zahanati. Mganga, kijana mwema kutoka mkoa mwingine, alimweleza dawa zake kwa Kiswahili safi, na bibi akajibu, "Ndiyo, ndiyo, baba." Alipotoka alituonyesha vidonge akauliza kwa Kinyambo, "Hivi ni vya nini?" Sisi tulikuwa na haraka. Tulimwambia akamuulize mjukuu wake.

"Ndiyo" yake ilikuwa ile ile "yes" yetu.

Wiki hiyo tulimtembelea. Tulikaa naye chini, tukavipanga vidonge kwenye kitambaa, vya asubuhi upande wa mlango unakotokea jua, vya jioni upande wa jikoni. Tumekubaliana pia kwamba kila siku ya kliniki mmoja wetu atakuwapo kwenye benchi tangu mwanzo, ili bibi akiitwa asiingie peke yake. Tunakuomba nawe, mama msomaji, utazame foleni ya zahanati yako. Ukimwona anayeitikia kila neno kwa haraka, huku macho yake yanazunguka, msogelee. Mwulize kwa lugha ya kwao ameambiwa nini.